Mwaka wa Baba

Nyumba ile ilikuwa na sheria nyingi, na karibu zote zilivunjwa kabla ya chai ya asubuhi. Moja tu haikuguswa na mtu: zawadi za sikukuu ya mwisho wa mwaka zilikuwa za mtu mmoja. Hapo zamani kila mmoja alimpa kila mwenzake, na kwa kuwa mifuko ilikuwa mepesi, wote waliishia kupata soksi. Soksi zilipofikia idadi ya kumvisha jongoo, Mama alitangaza mabadiliko ya katiba. Tangu siku hiyo zawadi zote zikawa za zamu. Mwaka wa Mama ulileta cherehani ya umeme. Mwaka wa Mjomba ulileta meno mawili ya mbele, na tangu apewe hajafunga mdomo. Mwaka huu ulikuwa wa Baba.

Kikao kilifanyika Baba akiwa mazoezini. Mama aliongoza akiwa kwenye cherehani, kwa sababu hajui kukaa mikono mitupu. Mjomba, mdogo wake Mama, dereva wa lori la soda, alihudhuria akiwa amelala kwenye kochi lisilo lake. Mjumbe wa tatu alikuwa Kiberiti, binti na mtoto pekee wa nyumba, aliyekuwa amerudi juzi kutoka shule ya bweni na sanduku la bati na kikohozi cha uongo. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa maelezo kwamba ni mwembamba, ana kichwa chekundu cha moto, na si kitu cha kuachwa peke yake ndani ya nyumba.

Baba alipiga gitaa katika bendi ya hoteli, na wenzake walimwita Sikio. Sahani ikianguka jikoni, yeye akiwa jukwaani huku akipiga, alikuwa na uwezo wa kukuambia imeanguka kwa noti gani. Gitaa hilohilo ndilo lililolipa kodi ya nyumba na ada ya bweni. Cherehani ya Mama ililipa yaliyobaki, yaani chakula na aibu ndogondogo.

Mama alisema atamshonea mfuko mpya wa gitaa kwa masalio ya kitambaa cha makochi, maana zipu ya ule wa zamani ilikuwa imefariki na nafasi yake imeshikwa na pini. Mjomba aliahidi mkanda wa ngozi wa begani. Ule wa sasa ulikuwa mkanda wa begi la safari, na jukwaani Baba alionekana kama mtu anayesubiri basi. Kikabaki kitu kimoja, ambacho Mama alikiita "kitu chenye faida", na fedha ya kukinunulia akakabidhiwa Kiberiti, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua uzi upi ni upi.

Mjomba akapendekeza kile kidude cha kubana kwenye kichwa cha gitaa, kinachowaka taa kukuonyesha kama uzi umekaa sawa. Kila mpigaji siku hizi anacho.

"Mnunulie hicho," Mama alisema bila kuinua macho, "halafu mpe na fimbo ya kipofu. Ni tusi lilelile."

Na kweli, Baba alikuwa na msemo wake: sikio alilopewa na Mungu halihitaji betri.

Kiberiti aliyasikia yote hayo akanyamaza, jambo ambalo lingepaswa kuwashtua.

*

Baina yake na baba yake kulikuwa na mchezo. Kila likizo, siku ya kwanza, kabla Baba hajarudi kazini, Kiberiti hulishusha gitaa kutoka kwenye msumari wake na kulegeza uzi mmoja, kidogo tu, kiasi cha unywele. Baba huingia, hunawa mikono, hulitwaa gitaa, hupitisha kidole mara moja juu ya nyuzi, na bila hata kugeuka husema, "Kiberiti, rudisha." Naye hutoka mafichoni, hukaza kigingi, na hapo ndipo likizo huanza. Baba za wenzake huuliza umekuwa wa ngapi darasani. Wake husema rudisha.

Safari hii alilegeza uzi wa pili kutoka chini. Baba aliingia, akanawa, akalitwaa gitaa. Akapiga wimbo mzima, macho ameyafumba, akalitundika.

Nyuma ya mlango Kiberiti alipatwa na heshima kubwa. Aliona mzee ameamua kumlipiza kwa kimya, na kimya ni silaha ya watu wazima. Basi kesho yake akalegeza zaidi, kiasi ambacho hata jirani asiyejua muziki angedhani paka amekanyagwa. Baba akapiga. Alipomaliza akamkuta binti yake amesimama mbele yake, akatabasamu.

"Eeh, vizuri," akasema.

Hapo Kiberiti akaanza kukumbuka. Eeh, vizuri. Alipomwambia kwamba fizikia imemshinda, Baba alisema eeh, vizuri. Alipomwambia rafiki yake wa bweni amefiwa na bibi, eeh, vizuri. Wakati huo alicheka hadi akapaliwa, akamsimulia Mama, naye Mama akacheka.

Jioni ile Baba alikuwa uani ananyoa ndevu, kioo kidogo kimetundikwa ukutani. Kiberiti akasimama nyuma yake, pembeni mwa kioo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, Mjomba amekula sufuria." Wembe ukaendelea. "Baba, nimefukuzwa shule." Wembe ukaendelea. Alikuwa ameandaa la tatu, zuri kuliko yote, linalohusu mwalimu mkuu na mbuzi, ila halikutoka. Akasema tu, "Baba." Kisha, "Baba, unanisikia?"

Baba akaosha wembe, akaupitisha kwenye shavu la pili, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayejipenda.

Jambo lingine likajileta lenyewe. Kwa muda mrefu sasa Baba alikuwa na tabia ya kukaza nyuzi akiwa amelaza taya juu ya bega la gitaa, macho kafumba. Mama alikuwa na mzaha wake: "Jamani, ananibusu lini mimi?" Wote walikuwa wakiucheka. Asubuhi iliyofuata Kiberiti alichungulia akaliona taya limebanwa kwenye mbao kwa nguvu, mpaka ngozi imekunjamana, na kile kidole kikigonga uzi, kikigonga, kikigonga. Hakuwa akibusu. Alikuwa akisikiliza kwa mfupa.

*

Angemwambia Mama. Alijaribu. Aliketi karibu na cherehani, akaokota vipande vya uzi sakafuni bila kutumwa, dalili ambayo kwa kawaida huja kabla ya kuomba kitu. Mama akamwambia kama ni viatu asubiri, kwa maana hoteli imepata meneja mpya, na meneja huyo anataka kuipunguza bendi kutoka watu sita hadi wanne. Jumamosi angekuja kuwasikiliza. Wakibaki, kuna mkataba wa mwaka mzima.

"Ila wa kuogopa ni wale wengine," Mama alisema. "Watamwachaje Sikio?"

Kiberiti akaacha kuokota nyuzi.

Jumamosi asubuhi Baba alijifungia chumbani, akalaza taya, akakaza nyuzi zote, akaliweka gitaa mlangoni. Hapo ndipo Kiberiti alipofanya jambo ambalo lingeweza kufanywa na yeye tu. Alijiambia leo ni siku ya kazi, leo mzee ameamka na masikio yake yote. Kabla ya kutoka Baba hupiga wimbo mmoja mlangoni, kama dua. Atalegeza uzi, Baba atapiga, atasema rudisha, na mambo yote ya siku zile yatakuwa yamekufa. Na asipousikia, basi atamwambia ukweli palepale. Akalegeza.

Lakini Mjomba, ambaye hajawahi kuwahi popote katika maisha yake, siku hiyo aliwahi. Lori likapiga honi nje. Baba hakugeuka; Mama akamgusa bega, akamwonyesha dirisha. Baba akachukua gitaa, akaondoka nalo juu ya makreti ya soda bila kupiga hata noti moja. Kiberiti alikuwa chooni, akijipongeza kwa mpango wake.

Alikimbia hadi hotelini na ndala zake. Askari wa getini alimtazama toka juu hadi chini, akamaliza haraka kwa kuwa hakukuwa na mengi, akamuuliza kama ana chumba.

"Nina baba," Kiberiti alisema.

Akaambiwa baba hupitia mlango wa nyuma, pamoja na samaki. Akapita huko, akafika kwenye mlango wa jikoni wenye kioo cha duara, akapachika uso wake hapo, na akawa amechelewa.

Bendi ilikuwa imeanza. Meneja mpya, mwanamke mwenye glasi ya maji na mguu mmoja juu ya mwingine, alikaa peke yake mbele ya meza tupu. Wimbo wa kwanza. Wa pili. Uzi ule uliolegea ulipita katikati ya kila wimbo kama mbu katikati ya sala. Mpiga ngoma alimtazama mpiga besi, mpiga besi akayatazama makabati ya spika. Baba alipiga vizuri mno, vidole vyote mahali pake, uso umetulia. Kiberiti alikigonga kioo. Mpishi akamwondoa mkono wake hapo, bila ubaya, kama mtu anavyoondoa kikombe kwenye ukingo wa meza.

Baada ya wimbo wa tatu meneja aliinua kidole. Akauliza hilo gitaa lina tatizo gani.

Baba alimwona anamtazama, akaona midomo imemaliza kucheza. Akatabasamu.

"Eeh, vizuri," akasema.

Mpiga ngoma aliangua kicheko akidhani ni jeuri. Meneja hakucheka. Ndipo kiongozi wa bendi, mzee wa tarumbeta, akaiweka tarumbeta chini, akamsogelea Baba, na mbele ya watu wote akanyoosha mkono, akakigusa kigingi cha gitaa la Sikio, akakikaza yeye mwenyewe, akigonga uzi kwa ukucha kama anayemfundisha mtoto. Baba alibaki amelishika gitaa. Alikuwa bado na lile tabasamu. Halikuwa limeambiwa liondoke.

*

Nyumbani Baba alimweleza Mama kuwa uzi ulikuwa mbovu, nyuzi za siku hizi zinatengenezwa na wahuni, lakini kiongozi alishamweleza meneja hivyohivyo na mambo yako sawa. Mama alizitukana nyuzi za siku hizi. Kisha akamwita Kiberiti kando akamnong'oneza kwamba kile kitu chenye faida kimepatikana: anunue nyuzi, na ziwe ghali.

Sasa hapo hebu tumhurumie huyu mtoto, ingawa wapo walimu ambao hawatakubali. Akinyamaza, baba yake ni mtu mzembe aliyekwenda kwenye kazi ya maisha yake na uzi uliolegea. Akisema, itaulizwa kwa nini hakuusikia. Alilipima hilo usiku na mchana akaliona zito pande zote. Mwisho akachagua kusema, kwa sababu bwenini alikuwa amefundishwa kwamba mkosaji akijitokeza, asiye na kosa huachiwa. Ni kanuni nzuri. Haikuwahi kukutana na baba yake.

Kiongozi wa bendi mchana alikuwa kinyozi. Kiberiti alimkuta na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu inasubiri. Akaamkia, akasimama wima kama mbele ya mwalimu wa nidhamu, akasema yote kwa mkupuo: yeye ndiye aliyelegeza uzi, ni mchezo wao wa siku zote, Baba hana hatia, uzi haukuwa mbovu.

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Ulilegeza lini, mwanangu?"

"Asubuhi. Kabla hajatoka."

"Mimi nilidhani umeachia palepale, wimbo wa tatu. Mimi mwenyewe siku hizi sina imani na masikio yangu, nikasema labda." Alikung'uta nywele kwenye kitambaa. "Kwa hiyo alipiga nao tangu mwanzo."

Kiberiti alifungua mdomo. Alikuwa hodari wa uongo tangu chekechea. Aliwahi kuliaminisha bweni zima kwamba mpishi ni mchawi. Siku hiyo hakupata hata mmoja.

"Amekuwa hivyo tangu lini?" kinyozi aliuliza taratibu.

"Sijui, shikamoo," Kiberiti akasema, maana akili ilikuwa imemruka.

Mteja kitini akajifanya anasoma bei za ukutani. Kinyozi akasema amekuwa akimtetea Sikio kwa meneja, amesema ni uzi, na angeendelea kumtetea kwa uzi mpaka mwisho. Lakini hili sasa analijua, na akishalijua hawezi kulijua kidogo. Wanne ndio watakaobaki. Akamwomba asimwambie Mama; atamwita Baba mwenyewe kabla ya sikukuu, waongee kiume.

"Afadhali ningekuja uninyoe tu," alisema Kiberiti.

"Ingekuwa heri, mwanangu," kinyozi alisema, akawasha mashine.

*

Duka la ala za muziki lilikuwa na magitaa yaliyoning'inia juu kama nyama. Muuzaji alimuuliza zawadi ni ya nani, mwanafunzi au mpigaji. Akasema mpigaji. Muuzaji akafurahi, akamwaga bidhaa kaunta: nyuzi za kila unene, vipande vya plastiki vya kukwanyulia, kibanio cha kupandisha sauti shingoni mwa gitaa, kitambaa cha kufutia jasho, kigoda cha kuwekea mguu. Vyote vya manufaa. Kiberiti aliviangalia kimoja kimoja, akauliza kama kuna kitu cha kumsaidia mtu kusikia.

Muuzaji akamwonyesha spika, akasema hiyo ukiiweka, hata marehemu watacheza.

"Yeye anasikika vizuri," Kiberiti alisema. "Ni kwamba yeye…" Akakionyesha kwa kidole kile kidude cha kubana.

Muuzaji akakibana kwenye gitaa, akagusa uzi. Taa ikawa nyekundu. Akakaza kidogo, ikawa kijani. Kidude hakikuhitaji sauti, alieleza, kinasikia mtikisiko wa mbao. Kiberiti akawaza taya la baba yake. Akawaza na fimbo ya kipofu aliyoisema Mama. Lakini fimbo, kwa haki yake, humfikisha kipofu.

Akanunua hicho. Chenji iliyobaki ilitosha uzi mmoja tu, akachukua wa pili kutoka chini.

*

Siku ya sikukuu Baba alikalishwa kwenye kiti cha heshima, ambacho ni kile kisichoyumba. Tangu kinyozi alipomwita, alikuwa akitoka na gitaa asubuhi na kurudi nalo jioni, akisema mazoezi yamepamba moto. Mara moja Kiberiti alimwona nyuma ya kituo cha mafuta, ameketi juu ya tairi, gitaa mapajani limelala ndani ya mfuko wake wenye pini. Alirudi nyumbani kwa njia nyingine. Kwa hiyo mezani pale walikuwa wawili wanaojua, na kila mmoja alimficha mwenzake.

Mama alitoa mfuko, wenye sponji ndani na mshono maradufu, akasema huo utamzika. Baba aliupapasa mishono yake yote, akasema Mama asingesumbuka. Mjomba alimvisha mkanda wa ngozi kama anayemvisha nishani, akatamka kwamba sasa meneja atamwona mtu, siyo abiria. Baba akacheka, muda kidogo baada ya wengine. Kisha Kiberiti akasukuma kiboksi chake.

Baba alikifungua. Mama alipoona ni nini, mkono ukamwendea mdomoni. Hata Mjomba akafunga meno yake.

Baba alikigeuza kidude kiganjani. Akamtazama Kiberiti kwa muda mrefu, naye Kiberiti akaangalia kitambaa cha meza, akahesabu maua yake, akayakosea, akaanza upya.

"Sikio halipiti kichwa," Baba alisema mwishowe, kwa upole, ile methali ya kuwaambia watoto kwamba hawawezi kumpita mzazi. Halikuwa karipio, zaidi lilifanana na ombi. Akakibana kidude kwenye kichwa cha gitaa.

Akakaza nyuzi, macho kwenye taa, moja baada ya nyingine mpaka zote zikawa kijani. Mama akamwomba wimbo ule wao wa zamani. Akapiga. Mama na Mjomba wakaimba. Gitaa lilikuwa sawa kabisa, kila uzi, ila walipoingia ubeti wa pili Mama alichelewa kidogo kuvuta pumzi, na Baba akaenda mbele peke yake, akipiga maneno ambayo hayajaimbwa. Kiberiti aliona macho ya baba yake yanaitafuta midomo ya Mama, yakaipata, yakarudi. Mama aliendelea kuimba. Lakini sasa naye alikuwa anayatazama macho yale, na sauti yake ikaanza kupungua.

Mjomba alipiga makofi.

*

Asubuhi ya kurudi shuleni, sanduku la bati lilikuwa mlangoni, zito kuliko ada iliyokuwamo, kwa sababu ada ilikuwa nusu na Mama alisema nusu nyingine itakuja ikipatikana. Hakusema itatoka wapi, na Kiberiti hakuuliza. Gitaa lilikuwa kwenye msumari wake. Likizo nzima iliyobaki hakuligusa. Alilipita kama mtu anavyolipita kaburi.

Baba aliingia, akanawa mikono, akalitwaa. Kidude hakikuwapo kichwani, alikuwa amekivua. Akakaa akiwapa mgongo, akapitisha kidole mara moja juu ya nyuzi. Zilikuwa sawa zote, safi, kila moja mahali pake.

Akaacha kidole juu ya nyuzi, kama anayepima.

"Kiberiti," akasema bila kugeuka, "rudisha."

Kwenye cherehani Mama aliinua kichwa. Uso wake ulifunguka wote, akamtazama binti yake, akasema kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu, "Wewe mtoto, huachi?"

Kiberiti akavuka chumba. Akashika kigingi cha uzi wa pili kutoka chini, akakizungushia vidole bila kukizungusha, akakaa hivyo kwa muda ambao kazi ile huchukua.

"Samahani, Baba," alisema. Kisha akakumbuka, akazunguka akasimama mbele yake, pale midomo yake ilipoweza kuonekana, akasema tena, polepole. "Nimerudisha."

"Eeh," Baba alisema. "Vizuri."